Ufagio Ulio Ndani ya Pikapu Usiguswe

Baba,

Chai iko kwenye chupa. Ufagio msiutafute: uko ndani ya pikapu, umesimama kati ya kiti na paa, umezishikilia mbavu mbili za chuma nilizozibandika chini ya paa kwa gundi. Sikuchomelea, maana moto ungelikunja bati. Usiguswe mpaka kesho jioni. Milango isibamizwe. Na wewe, Baba, usilipige paa makofi mawili kama kawaida yako kila ukitaka kuondoka. Makofi hayo ya miaka yote ndiyo yaliyolilegeza, likawa linabonyea na kufyatuka kwa kelele kama kifuniko cha debe.

Nimeondoka bila kuaga kwa sababu nilikusikia. Jirani alipouliza asubuhi nani anaitengeneza, ulimjibu, "Mwanangu wa kiume, fundi kweli kweli." Ulisema hivyo umeegemea mlango wa pikapu, nami nimelala kitini humo humo, gundi imenijaa kwenye nywele! Kaka alichofanya ni kunishikia tochi, na hata hiyo aliishika akisinzia. Eti mcheza kwao hutunzwa. Mimi kwetu ni wapi?

Kaka, ulicheka. Nilikuona. Vyombo vya leo ni vyako.

~~Mtafuteni fundi mwingine amalizie.~~ Hapana. Kazi yangu siiachi njiani.

Kesho jioni gundi ikishakauka, Baba, toa ufagio, mwite jirani, kisha lipige paa makofi yako mawili. Likinyamaza, mwambie nani kalinyamazisha.

Binti yako,
fundi