Mulango ya choo, na figo za bwana yako

Furaha, muke wa mutoto yangu, Bunia inakusalimia na mvua.

Tulimutibia bwana yako malaria bure, kumbe haikuwa malaria. Munganga anasema mukojo haimalizike mu kibofu, inarudia juu, inaharibisha figo. Akikojoa, angoje kidogo, arudilie kukojoa tena.

Sasa anasikia haya! Mimi ninasimama ku mulango ya choo: "Ulirudilia?"

"Mama, niko baba ya watoto!"

"Baba bila figo atawalisha na nini?"

Wamama wenye kupika mu kiwanja ya hospitali wakacheka. Leo nilichelewa ku moto na kupika sombe, wao njo wakamuitia: "Papa, ulirudilia?" Naye akacheka. Sikuona meno yake tangu tutoke Mahagi.

Akirudi, ule mulango utausimamia weye, na usiniambie unasikia haya.

Mama mukwe yako, mwenye kukupenda.