Kitambaa Cheupe cha Mtoto Anayekuja

Mama,

Hukujua kusoma, na kila barua iliyofika kwetu Kamenge nilikusomea mimi, wewe ukichambua maharage na kuniambia nirudie pale palipokufurahisha. Kwa hiyo hata hii naiandika huku naisoma kwa sauti, polepole, kama ulivyotaka. Nimekaa nyuma ya karakana ya baiskeli hapa Cibitoke. Wenzangu wamekwenda kula. Habari yenyewe sina mwingine wa kumwambia.

Nimeoa, Mama. Anaitwa Spesi. Kwao ni Wakatoliki lakini amekulia Buyenzi katikati ya Waislamu, na Kiswahili chake kinashinda changu. Ungempenda sana, halafu mngegombana kuhusu chumvi. Sasa ana mimba kubwa, ya kwanza. Mama yake alikimbilia kambini Tanzania, hatujui hata kama anaishi. Wewe hupo. Na muuguzi amemkataza Spesi kubeba chochote, anataka alale tu mpaka siku yake. Basi kazi ya bibi wawili imeniangukia mimi, fundi ambaye maisha yangu yote nimechagua minyororo na matairi.

Muuguzi alinitajia vitu vya kutafuta: wembe mpya, uzi, sabuni, beseni, plastiki ya kutandika, na nguo za kumfunga mtoto. Alisema viwe nyumbani mapema, maana risasi zikianza hakuna gari litakalotupeleka hospitali, na yeye mwenyewe hatatoka kwake. Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayekuelekeza njia. Niliitikia kwa heshima kama baba mwenye akili timamu, kisha nikaenda nyuma ya ukuta nikavihesabu vile vitu kwa vidole, mara tatu.

Nilikumbuka ulivyokuwa ukifanya. Jirani akikaribia kujifungua, ulizunguka kwenye nyumba ambazo watoto wamekua vizuri, ukaomba vitenge vilivyochakaa, ukavifua na kuvichemsha. Ulisema nguo mpya inamkwaruza mtoto na kumtangaza kabla hajafika. Lakini Mama, siku hizi kitenge nimwombe nani? Watu wa uani kwetu hatukujuana kabla ya vita. Kila mmoja alikuja na alichovaa. Asubuhi tunasalimiana vizuri, jioni kila mtu anafunga mlango wake. Ningebisha hodi, ningesema nini?

Nikaenda sokoni. Muuzaji mmoja alinishikisha kofia ya sufu yenye masikio ya sungura, kwenye joto hili la Bujumbura. Mwingine akanisifia kitanda chenye wavu, akaapa kwamba matajiri wa Kinindo hawalazi mtoto pengine. Wanawake waliniangalia nikibonyeza chupa za maziwa kama ninavyobonyeza tairi, wakacheka hadi mmoja akashika mbavu. Nilicheka nao, ila nilikuwa natamani kulia. Nilisikia sauti yako, ile uliyomwambia mjomba alipotaka kuninunulia viatu kabla sijaanza kutambaa: "Mutoto apate kitambaa kwanza. Vingine atavidai yeye mwenyewe." Nikaacha yote nikaenda kutafuta kitambaa.

Kuna duka la Mzee Nasoro kule Buyenzi. Babu yake alitoka Oman, na wao wameuza vitambaa hapo tangu zamani kuliko mtu yeyote anavyokumbuka. Niliomba amerikani, ile nyeupe ya pamba, maana ndiyo ikifuliwa inalainika. Mzee aliniangalia kwanza.

"Ya mutu mukubwa ao ya mutoto?"

Nikamwambia ya mtoto. Akauliza kama ni wa kwanza, nikasema ndiyo, wa kwanza. Akashusha miwani.

"Pole, mwanangu. Mungu atakupatia mwingine."

"Amina, Mzee," nikajibu, na moyoni nikafurahi kwamba ananiombea hata wa pili. Alipima bila kuniacha nibishane bei. Juu ya kitambaa akaweka pamba na kifuko kidogo cha kafuri, akasema hivyo ni sadaka, nisitoe kitu. Nilitoka pale natembea kama waziri. Nilijiambia, kumbe watu wema wangalipo, kumbe mtoto akitajwa hata wafanyabiashara wanalegea. Ile kafuri nilidhani ni ya kumpaka kifuani akipata mafua.

Spesi alifungua kile kifurushi kitandani. Nilikuwa namsimulia habari ya kofia ya sungura, nikaona hacheki. Alinusa, akarudisha mikono yake kifuani.

"We, umeleta nini mu nyumba? Ile ni sanda. Ni vile wanafungaka maiti."

Nilitaka kumwambia amekosea, lakini maneno ya mzee yalikuwa yananirudia moja baada ya jingine. Mungu atakupatia mwingine. Nami nikasema amina, Mama. Spesi aligeukia ukutani akiwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, kama vile mtu anataka kulichukua. Hakunitukana. Alisema tu nikiondoe, na kwamba yeye katika nyumba yenye kitu kile hazai. Chakula cha mchana hakukigusa. Niliogopa, Mama. Sikuogopa sanda, niliogopa ule mgongo wake.

Nikarudi Buyenzi mbio, kabla ya saa ya kufunga barabara. Nilikuwa na hasira na maneno yangu nimeyapanga. Nilipoweka kifurushi mezani nikamwambia mzee kwamba mtoto wangu hajafa, hata kuzaliwa hajazaliwa, nilikuwa natafuta nguo za kumfunga makalio. Aliigusa ile amerikani kama mtu anayepapasa kitu gizani.

"Ni siku nyingi hakuna mutu ameingia hapa kutafuta nyeupe ya mutoto muzima," alisema. "Unisamehe, kijana. Nilishasahau ya kama bado wanazaliwa."

Hasira yangu sijui ilikwenda wapi. Nilibaki nimesimama, na uso wangu nadhani ulisema kitu, maana aliniuliza kwa upole nani alikufa kwangu.

"Mama," nikasema.

Sikuwa nimewahi kulisema. Tangu Kamenge nimesema hayupo, nimesema tulipotezana, nimesema nilikuja peke yangu, na watu hawaulizi zaidi kwa sababu kila mtu ana yake. Siku ile risasi ilipokupata uani, mimi na jirani tulikufunga kwenye pazia la dirishani, tukakuzika nyuma ya jiko, tukakimbia. Hakuna aliyekaa nami chini. Hakuna aliyepika. Miaka yote hii hakuna mtu aliyeniambia pole kwa ajili yako, na nilipoambiwa pole ya kwanza asubuhi ile, nilidhani ni ya gharama za ulezi.

Mzee Nasoro alitoka nyuma ya meza. Akaleta kigoda, akanikalisha, akakaa karibu yangu, akaniambia pole kwa mama. Akauliza jina lako na kazi uliyofanya. Nilimwambia uliuza mihogo, na kwamba uliwatania wateja hadi wakanunua wasiyoitaka. Alitabasamu. Alinimiminia kahawa chungu, nikainywa nikilia kama mtoto, na wateja waliingia, wakaona, wakasubiri nje bila mtu kuwaambia.

Kisha mke wake, Mama Zuwena, akaja na mkasi. Alikwisha sikia yote akiwa ndani. Alitandika amerikani mezani akaanza kuikata vipande vya mraba, haraka, bila kupima.

"Ikikatwa hivi haiwezi tena kuzika mutu," aliniambia. "Umuambie bibi yako ni mi nimeikata, na watoto wangu wote niko nao." Pamba aliniachia. Kafuri aliitia mfukoni mwa nguo yake.

Nyumbani Spesi aliuliza nani amekata. Nikamwambia. Akauliza kama huyo mama ana watoto, nikamwambia anao wote. Akavuta kipande kimoja, akakinusa, akasema bado kinanuka, kichemshwe. Nikawasha mkaa. Yeye alikaa mlangoni akaniamuru nikoroge vizuri, maji yasimwagike, mwanaume gani huyu. Nilifurahi kutukanwa.

Tulipokuwa tunaanika akaniuliza kwa mara ya kwanza ulikuwa mtu wa namna gani. Nikaeleza mpaka mkaa ukafa. Ila nikiwa katikati ya maneno nilihisi baridi ambayo sijawahi kuihisi. Hakuna mtu hapa anayeweza kusema ndiyo, ndivyo alivyokuwa. Wala wa kunikatiza na kusema, apana, unadanganya. Ningeweza kumwambia Spesi kwamba ulikuwa mrefu wa kugusa paa, naye angekubali. Nimebaki peke yangu na wewe, Mama, na nisipokusema vizuri hutakuwepo popote.

Basi naahidi. Sitakuongezea urefu. Mtoto atajua ulikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali, na kwamba chumvi ulizidisha. Vile vitambaa nitavifua mwenyewe uani, wacha watu wa Cibitoke wacheke. Uzi, sabuni na plastiki nimeshapata. Vimebaki beseni na wembe, navyo nitavitafuta.

Mwenzangu mmoja amerudi, anauliza nasoma nini. Nimemwambia namwandikia mama yangu, aliyekufa. Amevua kofia.

Siku ile sikukuaga, hapakuwa na nafasi. Leo ipo.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Dezi