Mbeleko Inapanda Tena Mlimani

Same, nyumba za reli

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nawe wifi, unayemsomea, hujambo? Tafadhali msomee mkiwa wawili tu jikoni. Baba akiingia, mwambie ninauliza habari za migomba yake, kisha ngoja atoke ndipo uendelee. Humu mna mambo ya wanawake.

Mama, yale mafua yamekuacha? Maharage yametoa maua huko Shighatini? Huku Same mvua hakuna. Mawingu tunayaona yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, na yanakaa huko huko, sisi tunabaki na upepo na vumbi. Barua zangu zote nimekuandikia kwamba mimi ni mzima, hofu yangu ni juu yenu tu. Leo hofu imebaki huku kwangu, na nimeona nikuandikie kama ilivyo.

Kazi yangu unaijua. Tangu Eliamini anioe na kunileta hapa, napika maandazi na chai nyumbani, nakwenda kuuza stesheni gari la moshi likisimama. Nilianza na karai la kuazima. Vita ilipokwisha, unga wa ngano ukaanza kupatikana tena kwa Mhindi, na watu wakanijua. Wasafiri wa Tanga walikuwa wakitoa vichwa madirishani na kuniita Mama Maandazi, nami sina mtoto hata mmoja wa kunipa huo umama. Nilikuwa nikicheka, nawauzia. Mabati ya nyumba yenu yametoka kwenye karai lile, na sijuti.

Kisha nikachoka, mama. Sisemi ule uchovu wa kutoka shambani, unaolala nao ukaamka umekwisha. Huu niliamka nao. Nilikuwa nikikanda unga machozi yananitoka na sina kisa cha kulilia. Harufu ya mafuta ikaanza kunichefua, mara mbili tatu nikatapika nyuma ya jiko. Gari likipiga filimbi kwa mbali, moyo unanienda mbio kama mtu aliyeitwa barazani kushitakiwa. Siku moja nilifika stesheni nikakaa chini, sinia mapajani. Gari likaja, likasimama, watu wakaita na kuita, nami nawatazama tu. Likaondoka. Nikarudi nyumbani na maandazi yangu yote, Eliamini na wenzake wa gengi la reli wakayala bure.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa dresa wa zahanati. Dresa akanitazama macho na ulimi, akasema, "Huyu hana homa. Amechoka. Aache jiko kabisa mpaka mwili umrudie."

Eliamini akauliza, "Mwezi mzima?"

"Hata miwili."

Tukarudi. Karibu na nyumbani akaniambia, "Kama ni kupumzika, basi pumzika. Maji nitachota mimi."

Balaa lilianzia kwenye hayo maji. Hebu fikiri, mwanamume wa kwetu amebeba debe la maji begani mchana kweupe, mkewe yuko ndani amelala, na karai limefunikwa. Mama Zefania, mke wa mnyapara wa gengi, mtu wa Usangi, alimwona bombani. Jioni akabisha hodi na kibuyu cha maziwa.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada. Nimechoka tu."

"Harufu ya mafuta je?"

"Inanichefua."

"Na mchana unalala?"

"Nalala."

Akatabasamu. Nikaona anakokwenda, nikamwambia, "Dada, sina mimba."

"Haya, huna," akasema, akaniwekea kibuyu karibu na kitanda. "Mungu akulinde hivyo hivyo."

Mama, wewe unalijua kosa langu. Kwetu mwenye mimba changa haitangazi. Akiulizwa anakana, na akikana kwa nguvu ndipo watu wanatazamana na kucheka kidogo. Wewe mwenyewe umewahi kunisimulia jinsi ulivyonikana mimi mpaka tumbo likakuumbua. Sasa mimi ningesema neno gani? Walikuja wanawake wote wa kwetu wanaokaa hapa, huyu na uji, huyu na mzigo wa kuni. Kila mmoja nilimwambia sina kitu. Kadiri nilivyokana ndivyo kuni zilivyojaa mlangoni.

Na nitakwambia ukweli, nililala. Nilikunywa maziwa yao nikalala usingizi ambao sijaupata miaka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini sipiki. Ningekuwa nimechoka tu, kama alivyosema dresa, wangeniita mvivu, maana mwanamke wa kwetu ana ruhusa ya kulala akizaa au akiwa mgonjwa wa kubebwa. Mimi sikuwa na moja wala la pili. Nilipumzika kwa jina la mtoto ambaye hayupo, na nilianza kupata nafuu, na hiyo nafuu ndiyo inayoniuma sasa.

Sikujua kwamba habari imeshapanda mlimani. Ndipo akaja baba mdogo, ameteremka kwa miguu mpaka stesheni ya Kifaru, akapanda gari la moshi mpaka hapa, amekumbatia chupa ya samli na kifurushi. Unamjua alivyo na maneno, lakini safari hii alinong'ona. "Mama yako amesema usifungue mbele ya mtu."

Niliifungua chumbani. Niliijua kwa harufu kabla sijaiona. Mbeleko yako ya ngozi ya mbuzi, ile ile iliyotubeba sote, na mkanda alioutafuna kaka alipokuwa akiota meno. Umeipaka mafuta upya mpaka imelainika. Mama, nilikaa chini na ile ngozi nikalia mpaka baba mdogo akaanza kukohoa huko nje. Nililia kwa ajili yako zaidi kuliko kwa ajili yangu. Nilikuona umeitoa darini, unaipaka mafuta, unaimba.

Eliamini nilikuwa nimemwambia ukweli tangu siku ya kwanza, naye alikuwa akicheka kama Mama Zefania. Alipoiona mbeleko akasema, "Sasa hata mama mkwe anajua, wewe bado unaficha nini?" Ndipo nikamwambia kwamba juzi nimeingia mwezini, kama kila mwezi. Aliikunja mbeleko vizuri, akaiweka kitandani, akatoka. Asubuhi debe lilikuwa tupu. Sikumlaumu. Nililichukua nikaenda bombani mwenyewe, na wanawake waliokuwa pale wakaninyang'anya, wakanichotea wao.

Unaona nilipofika. Tumbo lisipoonekana, watasema imetoka. Wakisema imetoka, watatafuta aliyeitoa, na wa kwanza kutazamwa atakuwa Mama Zefania, kwa sababu maziwa yake ndiyo yalitangulia. Mwanamke yule hajanitendea ila wema. Na mama mkwe ametuma salamu kutoka Usangi kwamba atakuja kunishika mkono. Akija akakuta sina kitu, hatarudi kwake bila kumtajia mwanawe msichana mwingine. Nilifikiri nije kwako nipumzike huko, mbali na stesheni. Lakini nikipanda mlima peke yangu na mzigo kichwani watasema nimerudishwa, na hapo nitakuwa nimewarahisishia kazi.

Maneno yangu hayasikilizwi tena, mama. Kimebaki kitu kimoja watakachokiamini, nacho ni moshi wa jiko langu. Wanajua mtoto aliyesubiriwa hivi, mama yake hawezi kuinama juu ya karai la mafuta na kukimbilia gari la moshi na sinia kichwani. Kwa hiyo Jumatatu nawasha moto. Sijapona. Jana nilijaribu kukanda unga kidogo, nikauacha katikati nikalala sakafuni, na mikono yangu ikabaki na unga mpaka Eliamini aliporudi kutoka kazini. Alinipita tu. Lakini nitawasha. Kupumzika kwangu kumekwisha, na sioni ni lini nitapata kwingine.

Sasa nisalimie watu. Baba, mwambie migomba yake naiota. Bibi, aliyenifundisha kuwasha kuni mbichi, mwambie ujuzi wake bado unatumika. Kaka yangu, mwambie alama za meno yake bado zipo pale pale. Shangazi yangu wa kule bondeni, asianze kushona kitu chochote, na kama ameanza, basi amalizie kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Mzee wa kanisa naye amesikia, najua, na ameshaniweka kwenye maombi. Aniache humo humo, ila abadilishe ombi.

Mama, nakufahamu. Hata hii barua utaisikiliza ukitabasamu. Utasema, mwanangu anakana, ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo sikuitegemea barua. Baba mdogo anarudi kesho na mfuko wa unga nilioufunga kwa kamba, naye hajui kilichomo ndani. Ni mbeleko. Nimeikunja vile ulivyoikunja wewe. Unajua hakuna mwenye tumbo ambaye angeitoa ndani ya nyumba yake, na hapo utaniamini. Samli niliila yote, hiyo sikuweza kuirudisha. Ilikuwa nzuri sana.

Wifi, mkabidhi mama ule mfuko mkononi, usimweleze kitu, kaa naye tu mpaka anyamaze. Halafu nina neno lako wewe. Katika barua yako ya mwisho uliandika, "Mimi sina neno, nimechoka tu," nami niliposoma nilicheka, nikamwonyesha Eliamini, nikamwambia kaka anapata mtoto. Nisamehe. Ukiniandikia tena kwamba umechoka tu, nitakuamini.

Ni mimi mwanao, na wifi yako,

Nakundwa