Pijo la Baba Sasa Linapanda Kila Kilima

Jumamosi, Kimuli. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na kibanja kizima, migomba na mibuni, bado kinadondosha maji. Nimekaa ndani ya gari hapa uani, milango imefungwa, naandika kwa simu. Baba yuko sebuleni na Mama Jastini, jirani yetu anayekaa naye ninapokuwa shuleni. Leo hakuna shule, lakini nimemwomba aje. Sitaki baba aone uso wangu ulivyo.

Gari limekamilika. Niliseme hilo kwanza, maana mnaosoma hapa mmenivumilia wiki tatu nikilalamika kuhusu springi na shokapu. Linawaka mara moja. Halina kelele. Lina siti ya nyuma. Jana lilipanda kilima cha kwetu kwenye utelezi bila kugusa chini hata mara moja, na watu waliokuwa barabarani walilipisha kama gari lolote lile.

Nimelia tangu jana.

Kwa asiyejua, hili ni Pijo 504 la baba yangu, na lina umri mkubwa kuliko wangu. Baba, Ta Felesiani kama wanavyomwita hapa, alikuwa dereva wa malori ya kahawa. Alilinunua likiwa limeshachoka, na alipoacha malori akaanza kulifanyia mambo aliyoyaona Kampala alikokuwa akipeleka mzigo. Akakata springi mpaka tumbo la gari likawa linanusa barabara. Akafunga rimu pana, eksozi mbili zilizosikika kutoka ng'ambo ya bonde, honi ya basi, na usukani mdogo wa mbao. Siti ya nyuma akaing'oa, mahali pake akaweka spika mbili zenye ukubwa wa kabati. Rangi ikawa nyekundu, na mistari ya njano ubavuni. Mtu anayeshusha gari huku kwetu, penye mawe na makorongo, ni mtu asiyetafuta ushauri wa mtu.

Wenzake walimcheka, lakini arusi zote zilimtafuta. Miaka nenda miaka rudi Pijo ndilo lililotangulia misafara ya maharusi kutoka hapa hadi Omurushaka, polepole, kwa sababu lisingeweza kwenda vinginevyo, honi ikilia na spika zikitikisa vioo. Mimi nilikuwa binti wa sekondari niliyemwomba anishushe mbali na geti la shule. Alinishusha mbali na hakuuliza kwa nini. Halafu akipita getini alipiga honi.

Kusahau kulianza miaka michache iliyopita. Kwanza ilikuwa ni ufunguo, kisha majina ya watu, kisha akasahau kwamba mama amefariki, tukawa tunampa taarifa ya msiba upya kila akiuliza, mpaka nikajifunza kusema ameenda sokoni. Niliomba uhamisho nikarudi kufundisha shule ya msingi hapa nyumbani. Mwaka huu akanisahau na mimi. Ananiita nesi. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake marehemu, na siku hizo nafurahi kidogo, kwa sababu angalau ni mtu aliyempenda.

Isipokuwa ndani ya gari.

Kila asubuhi alitoka na fimbo yake, akajikunja taratibu mpaka akazama kwenye siti ile iliyokaa karibu na ardhi, akashika usukani wa mbao. Mimi nikaingia upande wa pili, nikanyoosha mkono nikawasha. Eksozi zikinguruma tu, baba alirudi. "Kemilembe, funga mlango polepole, si wa jikoni huo." Hivyo ndivyo alivyoniambia, kwa jina langu, kwa sauti yake ya zamani ya kunitania. Akaniuliza wanafunzi wangu wanajua kusoma au wanakariri tu. Akaniambia injini inakohoa, nimwambie fundi. Ikawa dakika kumi, siku njema robo saa. Nikizima injini alianza kutazama pembeni, na nikimvuta atoke alinishukuru kwa adabu, kama unavyomshukuru mtu usiyemjua aliyekusaidia kushusha mzigo.

Robo saa kwa siku. Ndiyo niliyokuwa nayo, na ndiyo niliyoipeleka gereji.

Sababu zilikuwepo, na nilizirudia kwa kila aliyeuliza. Kila mwezi ana kliniki kule Karagwe. Kwa pikipiki haiwezekani tena. Mara ya mwisho alimwachia dereva mabega ili ampungie mkono mtu aliyemfahamu, akaanguka, tukashukuru Mungu kwamba palikuwa na majani. Tulipojaribu na Pijo, lilikaa tumbo juu ya jiwe kabla hata hatujatoka kwenye kata, tukanyeshewa mpaka vijana waliokuwa wanachuma kahawa walipokuja kulinyanyua. Halafu magoti. Daktari alisema asijikunje. Vilevile na mimi nilihitaji gari la kwenda kazini bila kufika na tope hadi kiunoni. Hiyo naiandika hapa kwa sababu kwa watu sikuisema.

Fundi Sadoti wa Omurushaka ndiye aliyezikata zile springi akiwa kijana, baba amesimama juu yake akimwelekeza. Sasa ana mvi. Alilizunguka gari mara mbili, akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Mwalimu, mzee mwenyewe anasemaje?"

Nikamwambia mzee hayuko katika hali ya kusema.

"Basi tuinue tu, waitu," akasema, kwa lile neno letu la heshima. " Tuweke siti ya kukaa mgonjwa. Hizi eksozi na usukani tumwachie."

Nilimkatalia. Nilimwambia kazi ya nusu siitaki, kwamba nikianza jambo nalimaliza. Nilisema kwa ile sauti ninayotumia darasani, na yeye akainama kuchukua spana.

Hapa lazima niandike ukweli wote, vinginevyo hii shajara haina maana. Eksozi hazikuwa na kasoro. Hazikuzuia kitu. Nilizitoa kwa sababu sikutaka wanafunzi wangu wanisikie nikija, wakatoka madirishani kucheka, kama sisi tulivyofanya enzi zetu. Nina miaka arobaini na moja na bado nilikuwa naomba kushushwa mbali na geti.

Wiki zote tatu baba aliuliza gari liko wapi. Nikamwambia linaumwa, liko hospitali. Alilikubali jibu hilo na kila jioni akalitakia gari heri. Sikushtuka. Niliona anatulia, nikadhani kinachomrudisha ni gari, na gari litarudi. Sikuwahi kukaa chini nikajiuliza ni nini hasa ndani ya gari kinachomrudisha. Mwalimu mzima.

Jana mchana nikalileta. Jeupe, rangi ile ya magari ya ofisi, limesimama juu ya miguu yake. Nilizima injini uani nikangoja. Kimya chake sikukizoea hata mimi. Baba alitokea mlangoni, akalitazama, akarudi ndani. Nikafikiri amefuata kofia, maana hakuwa akipanda gari bila kofia.

Alirudi na kikapu cha kahawa.

Kwetu mgeni akifika hupewa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Mtu wa nyumbani akitaka anachota mwenyewe, hakuna anayemwandalia. Katika maisha yangu yote baba hajawahi kunishikia kikapu kile kwa mikono miwili. Jana alikishika, akainamisha kichwa kidogo, akanisogezea.

"Karibu sana, waitu. Mmetoka mbali?"

Nikachukua buni mbili. Ningefanya nini? Nikazitafuna nimesimama, na sikusikia ladha yoyote.

"Huko njiani hamkupishana na Felesiani?" akaniuliza. "Ana gari jekundu. Mngelisikia kabla ya kuliona."

Nikasema hatukupishana.

Niliingia jikoni nikampigia Sadoti. Nilimwambia arudishe eksozi, leo hii, nitalileta sasa hivi. Akasema haiwezekani. Alikuwa ameshazikata, mabomba yameungwa kwenye geti la mtu na geti limeshachukuliwa. Springi za zamani zilikwenda na wanunua vyuma chakavu. Alinipa pole mara tatu na hakusema "nilikwambia", ingawa alikuwa na haki hiyo. Usukani tu ndio ulikuwepo. Alikuwa ameufunga kwenye gunia akauweka kwenye buti bila kuniambia.

Nikautoa, nikampelekea baba pale barazani, nikamwekea mikononi. Aliufahamu. Niliona vidole vikienda vyenyewe mahali pake, pale mbao ilipolika. Akaugeuza, akaufuta kwa mkono wa koti, akanirudishia.

"Huu ni wa Felesiani. Mrudishie haraka, atashindwa kuondoka."

Usiku sikuandika. Sikuweza.

Leo mvua ilipokatika nikasema nijaribu mara ya mwisho. Nikamwambia tutembee kidogo. Nikamfungulia mlango wa dereva, ili akae tu, ashike tu, hata kama usukani ni huu mkubwa mweusi. Akakataa kabisa. Akasema hawezi kukaa kwenye kiti cha mwenye gari. Akafungua mwenyewe mlango wa nyuma, akaingia, akakaa. Magoti hayakujikunja hata kidogo. Hakuguna. Ni vile vile daktari alivyotaka, na ndivyo mimi nilivyomchorea Sadoti kwenye karatasi.

Tukapanda hadi kwenye maduka, tukageuza. Nilikuwa namwangalia kwenye kioo. Ni abiria mzuri, baba. Ameshika fimbo katikati ya magoti, anatazama nje, anawasalimu watu kwa kichwa, na watu wanamjibu huku wakiangalia gari wakijiuliza ni la nani. Mzee yule yule aliyeongoza nusu ya arusi za tarafa hii alipita barabarani na hakuna aliyegeuka kwa sababu yake.

Tulipoanza kushuka alinigusa bega.

"Dereva, ukifika pale kwenye mibuni nishushe. Nina binti yangu ananisubiri."

Nikasema, "Sawa, mzee."

"Kemilembe. Yuko darasa la tatu. Nikisafiri hali chakula mpaka nirudi, hata mama yake ampige. Kwa hiyo usinicheleweshe."

Nikaukamata usukani kwa nguvu. Ni kweli. Alipokuwa kwenye malori nilikuwa nakaa mlangoni na sahani yangu imefunikwa, nikisinzia, na sikula mpaka alipoingia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau. Miezi yote hii ameshindwa kulitamka jina langu nje ya lile gari jekundu, leo amelitamka mara moja bila kutafuta, na amemwambia dereva.

"Ni mtoto wa namna gani?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza. Nilitaka aendelee tu.

Akafikiri. Akatabasamu dirishani.

"Ana akili sana. Ila ana haraka."

Nikamshusha pale kwenye mibuni alipotaka, hatua thelathini kutoka mlangoni. Alinishukuru. Alifunga mlango polepole. Nikamwona anakwenda na fimbo yake, anaharakisha kadiri anavyoweza, na Mama Jastini akatoka kumpokea. Mimi nikaliingiza gari uani na sijatoka ndani yake hadi sasa.

Najiuliza kama ningemwacha na gari lake bovu, nikawa namtafutia usafiri mwingine mwezi kwa mwezi, nikafika shuleni na tope langu. Ningekuwa na robo saa leo asubuhi. Labda ningekuwa nayo mpaka Krismasi, labda mpaka mwakani. Labda ingekwisha yenyewe wiki ijayo, ugonjwa huu haumwahidi mtu kitu. Lakini isingekwisha kwa mkono wangu.

Samahani, baba. Nakuandikia hapa kwa sababu nikikuambia ana kwa ana utanijibu kwa heshima.

Mama Jastini ametoka sasa hivi mlangoni, kanga kichwani kwa ajili ya matone, ananiita. Ndizi ziko mezani tangu muda, anasema, na mzee hataki kuzigusa. Amefunika sahani yake kwa nyingine. Anasema hawezi kula kabla Kemilembe hajaja.

"Mwalimu, njoo basi umwambie uko hapa."

Nimemwambia nakuja. Nitafunga gari, nitanawa uso kwenye ndoo, nitaingia nikae karibu naye. Nimeshaamua nitakachosema, nimekirudia mara kadhaa hapa ili sauti isinikatike. Nitamwambia Kemilembe ameshakula, ameshiba, ametoka kucheza na wenzake. Halafu nimfunulie sahani, ale.