Somo la Damu Kwenye Kituo cha Chai

Mama yangu mpendwa,

Kisanduku kingali juu ya kabati la maabara, na waifai yake bado inavuka ua wa shule hadi kituo cha kuuzia majani chai. Naanza na habari hiyo kwa sababu ungeiuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza wajukuu wako wamekula nini.

Kwa asiyetujua: shule ninayofundisha, huku Nyamache, haina intaneti ya kutegemewa. Ukitaka mtandao, panda kilima cha kanisani uinue simu juu. Kwa hiyo mwalimu wa kompyuta huyapakua masomo akiwa Kisii mjini, huyahifadhi ndani ya kisanduku kile, na wanafunzi huyafungua kwa tableti bila bando wala mtandao. Tulidhani ni siri yetu na watoto. Hatukujua kwamba nyuma ya ukuta wa maabara, wakulima wanaosubiri lori la kiwanda wanaweza kukipata.

Wewe ndiye uliyekigundua. Ulikuwa umekaa na kikapu chako cha majani, simu niliyokununulia mkononi, ukaona jina la shule limejitokeza. Ukabonyeza. Mama, wewe ulikuwa mtu wa kubonyeza. Uliacha shule kidato cha pili ukaolewa, lakini udadisi hukuuacha huko, wala Kiingereza chako hakikuota kutu. Wiki ile ulitusimulia habari za volkeno mezani utadhani ulizaliwa karibu nayo. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya figo. Wenzako nao wakanogewa. Siku moja lori lilipowahi, mzee mmoja alimwambia karani, "Ngoja kidogo, hii kitu ya moyo haijaisha."

Mwalimu mkuu, ambaye si wa huku, alitaka kuweka neno la siri, maana mkiwa wengi tableti za watoto zilikwama. Ulimfuata ofisini na gambuti zako. "Mwalimu," ulimwambia, "maji ikitoka kwa shamba yako iingie kwa yangu, utanidai?" Alicheka hadi akasahau hasira. Mkakubaliana kwamba mchana ni wa watoto, jioni ni yenu.

Halafu ukafika kwenye somo la damu.

Baada yangu ulizaa watoto watatu. Kila mmoja alizaliwa analia vizuri, akageuka manjano, akafa. Wamelala nyuma ya migomba. Aliyelaumiwa ni mama mkubwa Kwamboka, mke wa kaka yake baba, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu. Ulisema ana jicho baya, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuwaona wote. Tangu nipate akili hamkuwa mkisalimiana, na hakuna mtu wa boma letu aliyeonja chakula chake. Huku kwetu mtu ambaye chakula chake hakiliwi amekwisha kuhukumiwa, na tunajua hukumu hiyo imewafikisha wapi wanawake wengine walioitwa wachawi. Kila kukiwa na msiba kijijini nilikuwa nikimwogopea.

Jioni ile ulirudi na swali moja. Ukaniuliza, "Damu ya mtu inapimwa wapi?" Ukaenda hospitali na baba, mkarudi na majibu. Ukaniketisha jikoni ukanieleza, bora kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye, kwamba damu yako ni ya aina moja na ya baba ni ya nyingine, kwamba watoto wale walirithi ya baba, na mwili wako ukaishambulia wakiwa bado tumboni. Siku hizi kuna sindano ya kuzuia, ulisema. Wewe hukuipata.

"Ni damu tu," ulisema. "Hakuna mtu hapo."

Ulilia, mama. Kisha ukapangusa uso ukanituma: "Kamwambie mama yako mkubwa abandike maji. Naenda kula kwake."

"Kula?" mama mkubwa aliniuliza mlangoni. "Hapa? Kwangu?" Aliuchekecha unga wa wimbi mara mbili. Ukala obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga ukamaliza sahani, ukaomba nyongeza, na mimi nilijua kabisa kwamba ulikuwa umeshiba tangu mchana. Halafu mkanitoa nje. Mlizungumza hadi mafuta ya taa yakakaribia kwisha, na nilikaa kwenye jiwe la uani nikiwashwa kutaka kujua mnasema nini. Nilipomuuliza baadaye, alijibu, "Tulikula." Ulipougua, ni yeye aliyekuogesha na kukulisha hadi mwisho.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Muhula huu mwalimu wa biolojia yuko likizo ya uzazi, na mimi wa Kiswahili nikatumwa kukaa na kidato cha pili wakilitazama somo lile. Sikuwa nimelitazama kamwe. Nilitosheka na maelezo yako. Kumbe lina sehemu ya mwisho. Wanaeleza kwamba mtoto wa kwanza kwa kawaida hadhuriki. Wakati wa kuzaliwa, damu yake huchanganyika na ya mama, na hapo ndipo mwili wa mama hujifunza kupigana. Wanaoumia ni wanaofuata.

Mtoto wako wa kwanza ni mimi.

Nilikumbuka siku nilipokupitia kituoni. Ulikuwa umeiinamia simu, uliponiona ukaizima upesi, ukaanza habari za ndizi za kuiva. Wewe, ambaye hukuwahi kuliachia somo katikati. Najua sina kosa. Mtoto anayezaliwa hachagui damu. Lakini wiki nzima maswali hayaishi. Ulipokuwa ukinitazama nikila, uliniona mimi peke yangu, au uliwaona na wao? Ulibebaje jambo kama hilo na bado ukanicheka kwamba chapati zangu ni ngumu? Ningekuwa na wewe hata jioni moja tu, ningekuuliza yote, nawe ungejibu, maana hukuwahi kuchoka na swali.

Jana nilivuka ua. Nilimkuta mama mkubwa akichambua mboga, nikamwambia nimelitazama somo hadi mwisho. Mikono yake ikasimama.

"Basi umejua," alisema. "Siku ile mama yako alikuja kuniomba vitu viwili. Chakula, na kwamba wewe usilisikie hilo kutoka kwangu. Nikampa vyote."

Pumzika, mama. Nimekuelewa.

Mzaliwa wako wa kwanza