Vibati vya Mariamu Nimeving'arisha Mwenyewe

Mdogo wangu Mwanajuma, hapo kwetu Msambweni,

Assalaam alaykum. Mguu umepona ama bado wauvuta? Usinijibu "alhamdulillahi" tupu, niambie kweli. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imenikausha kama samaki ng'onda. Simu siku hizi huisikii, kila neno wajibu "eeh, eeh", ndiyo maana naandika. Akusomee mkaza mwanao.

Kwanza nikugombeze. Picha ya nyumba yangu nimeiona. Nondo za madirisha zote nyekundu kwa kutu! Nilikuachia mafuta, nikakuachia matambara, na bado? Wakikumbuka kitanda cha chuma cha mama? Idi ikikaribia tulikuwa tukiingia uvunguni, mimi na wewe, tukiisugua miguu yake kwa mchanga na makumbi ya nazi, kisha mafuta ya nazi. Mama akaja na leso yake nyeupe kupangusa. Ikitoka na wekundu, twaanza upya. Harufu ile ya chuma na nazi ndiyo Idi yenyewe kwangu. Huku hata nikifumba macho siipati.

Sasa sikiliza. Huyu mjukuu wangu Mariamu niliyekuja kukaa naye, anachosomea ni kutu. Ndiyo, kutu. Chuoni kwao wametengeneza rangi ya kupaka chuma, ndani yake mna chembe ndogo kuliko vumbi la unga, kila moja imebeba dawa tumboni. Rangi ikikwaruzwa, chembe za hapo zapasuka, dawa yatoka, mkwaruzo wajiziba wenyewe kama ngozi ya mtu. Nilimwambia aache uongo.

Basi akatundika vibati kumi na viwili kwenye roshani yetu inayotazama bandari. Sita vya rangi hiyo, sita vya rangi ya kawaida, vyote akavikwaruza kwa kisu. Bahari ya huku haina chumvi ya maana, nimeionja, kwa hiyo kila asubuhi kazi yangu ikawa kuvinyunyizia maji ya chumvi. Akaniahidi: "Bibi, wakubwa zangu wa chuo wakija wakaviona wakaridhika, nimemaliza. Twarudi pamoja, Idi twala Msambweni."

Nikanyunyiza miezi mitatu. Wallahi nimeona kwa macho yangu: vile sita mikwaruzo ilififia, vikakaa safi. Vya kawaida vikatokwa na kutu hadi ikachuruzika.

Siku ya wageni ikafika. Mariamu akatoka kwenda kuwapokea. Mimi natazama roshani, wageni waja, na vyuma vinachuruzika wekundu kama nyumba haina mwanamke! Nikachukua ndimu, nikachota mchanga kwenye chungu cha maua, nikavisugua vyote kumi na viwili, nikavipaka mafuta ya nazi. Viling'aa, Mwanajuma! Mama angepitisha leso asipate kitu.

Wakaingia wanaume wawili na mama mmoja wa makamo. Yule mama akainama, akanusa, akamtazama Mariamu. Mariamu akanitazama mimi.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimekusitiri. Wageni hawaonyeshwi kutu."

"Kutu ndiyo niliyowaitia, Bibi!"

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Picha anazo, lakini wakubwa wataka vyuma vyenyewe. Walipoondoka akaketi roshanini bila koti, vibati mapajani. Wanijua mimi, kuomba radhi ni kama kung'olewa jino. Nilimwomba.

Yambidi aanze upya, miezi mitatu mingine. Akaniambia, "Tikiti yako ipo, wewe nenda ukale Idi." Nikamwuliza, nani atanyunyiza maji ukiwa chuoni? Basi sirudi Idi hii. Usinililie, na sahani yangu usimpe mtu.

Nisalimie wifi yangu Mwanamisi, muuza mihogo, na Mbwana, binamu yetu fundi wa mashua, mwambie bado namkasirikia kwa mlango alionitengenezea, haufungi. Mkaza mwanao naye nampa salamu nyingi, lakini asiruke pale nilipokugombeza.

Vibati vipya vilitundikwa wiki iliyopita. Leo asubuhi nimemaliza kunyunyiza, nikavuta kiti nikavitazama. Kimoja cha rangi ya kawaida kimeanza wekundu pembeni. Mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe. Nikaukalia.

Dadako akupendaye hata akikufokea,
Mwanasiti