Magaga ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amehamia kwetu hadi goti lake litulie. Ameshuka na mabegi, kiti chake mwenyewe (vyetu anasema vimelegea) na uso wa hakimu. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona akicheka. Anatabasamu, ndiyo — kama mtu anayemwonyesha daktari meno.

Shikamoo, Mama. Marahaba. Akaniuliza siku hizi natibu nini. Nilipooa nilimwambia natafuta dawa ya virusi. Baadaye nikamwambia saratani. Leo nikamwambia ngozi.

"Naona unatoka nje polepole," akasema. "Mwakani utatibu nguo."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu huyo nyumbani sote tunamwita Mwalimu, maana hata akiomba chumvi unajisikia umeitwa ubaoni.

Lakini ni dawa ileile, Mama! Sikusema. Naandika hapa. Ni Kaidi yuleyule, jina nililoipa dawa yangu kwa ukaidi wake. Nilimtengeneza nikiwa na nywele. Aliua virusi kwenye kisahani cha maabara, akaua na seli zilizovibeba — mgeni na mwenye nyumba wote chali. Tukasema, basi, anayezuia seli kugawanyika atafaa kwa saratani. Wapi! Hakufika kwenye uvimbe. Popote tulipompitisha aling'ang'ania kwenye ngozi, akakaa hapo kama shemeji aliyekuja kusalimia. Haya, ngozi! Kuna watu ngozi yao inaota haraka mno, inarundikana magamba, inawasha mchana na usiku. Kaidi aipunguze kasi. Namwomba hilo tu. Akikataa na hili hana pa kwenda, na mimi sina.

Jumatano, 5 Machi

Pipeti amemaliza kutengeneza marhamu. Pipeti ni fundi wetu wa maabara — mrefu, mwembamba, hamwagi hata tone. Makopo matatu meupe, yanafanana kama mapacha. Moja lina Kaidi. Mawili ni mafuta matupu: moja la panya wa kulinganishia, moja la akiba. Ameandika kwenye vifuniko. Kesho wanaanza kupakwa. Mkia wa panya una magamba, na dawa ikifanya kazi magamba hulainika. Ndiyo shughuli yangu kwa umri huu. Natazama mikia.

Nilifungua yote matatu nione kama yamechanganyika vizuri. Laini! Pipeti akanifukuza, eti nampumulia kazi yake. Nikafunika haraka haraka nikaondoka.

Nyumbani nimekuta mama mkwe anamwonyesha Mwalimu magaga. Nikageuza uso kwa heshima, lakini nilishaona. Visigino vimepasuka kama ardhi iliyosahau mvua, punje ya mahindi ingezama humo isionekane tena. Anasema shuka zinanasa akijigeuza. Kesho nitamletea lile kopo la akiba. Mafuta tu, hayana dhara. Mkwe mwema mimi!

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe anapaka asubuhi na jioni na kuvaa soksi juu. Kopo analificha chini ya mto. Amemwambia jirani kwamba mkwe wake ana akili. Mwalimu alinirudishia maneno hayo mara mbili, niliomba.

Ijumaa, 14 Machi

Mikia: hakuna kitu. Waliopakwa Kaidi na wasiopakwa, wote magamba kama mabati. Pipeti anasema tusubiri. Anasema hivyo akiwa ananikwepa macho.

Jumanne, 18 Machi

Siku mbaya. Bosi aliniita, akafunga mlango — hafungi mlango hata akigombana na mkewe kwenye simu. Mradi unafungwa. Kamati ya Maadili na Utafiti inakaa Ijumaa ya wiki ijayo kuidhinisha. Kaidi amepewa nafasi tatu, amekataa tatu. Akaniuliza kwa upole kama nimewahi kufikiria kazi ya utawala.

Nilikwenda kukaa na panya. Nao waliendelea kutafuna.

Narudi nyumbani, nasikia kicheko sebuleni. Kicheko cha msichana, chembamba, cha kwikwi. Nikadhani tuna wageni. Nafungua — mama mkwe! Peku katikati ya zulia, ameshika pazia kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka.

"Linanitekenya!" anasema. "Baba, hili zulia lenu linanitekenya!"

Akainua mguu mmoja, akaushusha, akacheka tena. Mwalimu amesimama mlangoni kashika mwiko, kabadilika rangi. Ameninong'oneza: Mama amepatwa na nini? Nimesema labda ni furaha. Akaniambia mama yake hana ugonjwa huo.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi mama mkwe alipita jikoni kwa ncha za vidole, kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Kila hatua "ii!", kila hatua kwikwi. Nikapiga moyo konde. Mama, naomba nione nyayo zako.

"Miaka yote hii unaona haya kuniangalia usoni," akasema, "leo unataka nyayo?"

Akanionyesha. Ee! Magaga hakuna. Hata alama. Nyayo za mtoto ambaye hajaanza kutambaa. Laini, nyembamba, zimeiva wekundu kidogo.

Mafuta matupu hayafanyi hivyo. Yangefanya hivyo, nani angehitaji wakemia? Halafu nikakumbuka: vifuniko! Aliandika kwenye vifuniko, si kwenye makopo — na mimi nikavifunua vyote kwa pamoja, nikavirudisha kama mtu anayekimbia mvua!

Nikatoa kopo chini ya mto wa mama mkwe (Mungu anisamehe), mbio hadi kazini. Mashine ya kupimia haina huruma. Kopo la mama mkwe: Kaidi, amejaa tele. Kopo tunalowapaka panya: mafuta. Panya wangu walikuwa wanajipodoa tu!

Nikaruka. Nikakaa. Nikaruka tena. Anafanya kazi! Maisha yangu yote, na anafanya kazi! Kwenye miguu ya mama mkwe. Nikakaa tena.

Pipeti alisoma karatasi, akavua miwani, akaniambia maneno ambayo sikujua anayajua.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewaambia. Nilisimama mbele yao kama mwanafunzi. Mama, mafuta niliyokupa si mafuta. Ni dawa, haijawahi kupakwa binadamu, nilichanganya makopo, ni kosa langu.

Mwalimu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alisema taratibu, neno moja moja: "Umemfanya mama yangu panya."

Mama mkwe alifikiri. Akauliza hao panya wenyewe wamepona?

Hapana, Mama. Hata mmoja.

"Basi nimewashinda," akasema, akanyoosha shingo.

Akataka kopo lake. Ikabidi nimweleze bila kuzungusha. Kaidi anazuia seli kuota. Kwenye kisigino, sawa. Akipenya akaingia kwenye damu, anaweza kuharibu ini, anaweza kumaliza chembe nyeupe, na hapo hata mafua yanamlaza mtu moja kwa moja. Yeye alinisikiliza, halafu kwa mara ya kwanza nikaona ameogopa. Alijifunika kanga miguuni. Sikuwahi kujua ni mdogo kiasi hicho akijikunyata.

Nimempeleka hospitali. Damu imechukuliwa. Majibu Jumatatu. Mwalimu amekwenda kulala kwa mama yake — yaani chumba cha pili.

Jumapili, 23 Machi

Mama mkwe anavaa soksi nene, hacheki. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 24 Machi

Ini zima! Figo nzima! Chembe nyeupe zote zipo kazini! Daktari anasema Kaidi hakupita ngozini, na ngozi ya nyayo itanenepa yenyewe taratibu. Alitaka pia kujua mafuta yanauzwa wapi. Nikamwambia hayauzwi.

Nililia kwenye korido ya hospitali, mbele ya watu na ndoo ya deki. Mama mkwe alinisubiri nimalize.

"Unalia kwa ajili yangu au ya dawa yako?"

Nikasema yako, Mama.

Alinitazama.

"Na dawa kidogo," nikasema.

"Haya," akasema, akanipa ncha ya kanga nijifute. "Sasa nimekuamini."

Mwalimu amerudi chumbani. Ameweka mto katikati, lakini ni mto mdogo.

Jumanne, 25 Machi

Nimempelekea Bosi taarifa yote, bila kuficha. Alisoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa. Kamati sasa ina mambo mawili Ijumaa: kufunga mradi, na kunifunga mimi. Ushahidi kwamba dawa inafanya kazi ni huohuo ushahidi kwamba nimevunja kanuni. Na mwenyekiti ni nani? Pasi! Mama yule tunamwita Pasi kwa sababu anayepita mbele yake hutoka amenyooka. Mwaka jana alirudisha ombi la mtu kwa sababu ya nukta.

Pipeti ameanza upya na panya, safari hii ameandika kwenye kopo, kifuniko, rafu na mkono wangu. Mikia bado. Haitawahi Ijumaa.

Mama mkwe amesikia. Anasema anakuja. Nimesema haiwezekani. Mwalimu amesema inawezekana.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano. Mikono lazima ifanye kitu.

Mama mkwe amekuja na viatu vyake vya harusi za watu, ndani ametia pamba. Korido ina zulia, lakini viatu vimemwokoa. Bosi yuko pembeni yangu, anakunja na kukunjua karatasi. Katibu wa kamati akatoka, nikasimama, nikavuta shati. Hakuniita mimi. Anaitwa mama mkwe! Peke yake! Alipita mbele yangu bila kunitazama, kama anakwenda kutoa mahari.

Mlango ni mwembamba, nasikia kila neno. Pasi anamuuliza kama alilazimishwa. Mama mkwe anasema huyu mkwe wangu hawezi kulazimisha hata paka. Pasi anauliza kama anajua alipakwa kitu cha hatari. Anajua, aliogopa, alipimwa, vyeti hivi hapa. Pasi anasema kanuni ni kanuni, mtu huyu amefanya uzembe. Mama mkwe anakubali! Anasema mzembe ni mzembe kweli, hata nyumbani anaacha bomba wazi, muadhibuni. Lakini dawa ina kosa gani?

Bosi ameacha kukunja.

Anaomba ruhusa avue viatu.

Kiatu kimoja chini — ko! Cha pili — ko! Viti vinasogezwa. Mtu amesema "lo!" Na mama mkwe amekanyaga zulia la humo ndani, maana nasikia kwikwi. Imeanza ndogo. Sasa haizuiliki. Mwanamume mmoja wa kamati ameambukizwa, anajifanya anakohoa.

Pasi ametaka utulivu. Umepatikana.

Anauliza kitu kwa sauti ya chini, imebidi nibandike sikio. Anauliza magaga yalikuwa ya kina gani. Mama mkwe anajibu. Anauliza kama shuka zilikuwa zinanasa. Ndiyo, zilikuwa zinanasa.

"Katibu," anasema Pasi, "weka kalamu chini kidogo."

Kiti kinasogezwa upande wa Pasi.

Ko.

Bosi ameninyooshea vidole vitatu, macho yamemtoka. Nami nimesikia viatu vitatu. Mama mkwe wangu ana miguu miwi— ngoja. Ko. Cha nne.